Siku Mtani Aliponipa Shikamoo

Vijana wa kuongoza wageni mmenisumbua niandike mambo ya kazi yangu. Mnataka niwataje ndege adimu niliowaona na wageni wakubwa niliowatembeza. Ndege nitawataja. Wageni sikumbuki hata majina yao, isipokuwa babu mmoja mwenye goti bovu, naye namkumbuka kwa sababu mtakayoisoma. Lakini kubwa nitakaloandika ni kosa nililolifanya kwenye kisiwa cha volkano, kosa ambalo sidhani kama mtu asiye Mnyamwezi angeweza kulifanya. Imepita miaka mitano, na hadi leo linaweza kunijia nikiwa nanawa uso asubuhi, nikabaki nimesimama tu maji yanamwagika. Mke wangu Mama Neema ameshazoea, hufunga bomba mwenyewe.

Nilianza kazi Ipole, kule Sikonge, nikiwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa viatu vipya vinavyolia kila nikikanyaga. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Shija, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka na mtu kabla ya saa nne. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia miguu yangu.

"Hivyo viatu navyo vimeajiriwa?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Basi mbona vinasema kabla yako? Vua."

Siku nzima nikatembea pekupeku kwenye miombo, miiba inanichoma, natabasamu kwa adabu. Jioni akanipa kitendea kazi changu cha kwanza. Kilikuwa kifuko kidogo kilichoshonwa kwa kipande cha khanga kuukuu, ndani yake majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Ukikitikisa, vumbi la majivu linatoka na kukuonyesha upepo unaelekea wapi, ili usimfuate nyati huku harufu yako imetangulia. Bunduki walinipa baada ya mwaka. Kifuko nilikuwa nacho miaka yote.

Akanipa na neno moja ambalo nililishika kuliko mafunzo yote ya darasani. "Mnyama akila ametulia, na wewe tulia. Akiinua kichwa, jiulize kaona nini ambacho wewe hujakiona." Neno hilo liliniokoa mara mbili kwa simba na mara moja kwa majangili. Nawaambia mapema kwamba ndilo hilo hilo lililokuja kuniponza.

Miaka ikaenda. Nikawa najua ndege wa miombo kwa sauti, wageni wakaanza kuletwa kwangu, na mmoja wao, mama mtu mzima aliyekaa nami wiki nzima akimtafuta ndege mdogo asiyezidi kidole gumba, akaenda kuniombea kazi kwenye meli. Meli yenyewe haikuwa ya mizigo. Ilikuwa ya watalii, inazunguka visiwa vya mbali kusini mwa bahari kuonyesha watu ndege, kasa na nyangumi. Walitaka mwongozaji mwenye macho. Kuogelea hawakuniuliza, na mimi sikuwaambia.

Nyumbani Ipuli walicheka mpaka wakakaa chini. Mnyamwezi melini! Babu wa babu yangu alitembea kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo na jino la tembo begani, akaiona bahari, akasema haya, akageuka. Mimi nilikuwa nimeshapita miaka arobaini na ndiyo kwanza naiona. Niliogopa, tena sana. Nilisimama bandarini nimeshika begi kwa mikono miwili, najiuliza kitu kikubwa hivyo kimewekwa hapo na nani bila ukingo.

Aliyenikuta hapo ndiye Tatu. Alikuwa dereva wa boti la mpira, lile dogo linalowatoa wageni melini na kuwafikisha nchi kavu. Mzaramo wa Bagamoyo, mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, mwanamke mwenye mikono ya kazi na sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tabora. Akaliangalia begi langu, akaniangalia mimi, akapiga makofi.

"Mnyamwezi! Karne nzima, ndiyo kwanza mnaleta mzigo? Weka kichwani, mpagazi, unafahamika!"

Hapo nikajua sitakufa peke yangu melini. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani si mtu wa mchezo. Mtani anaweza kuingia kwako akala chakula chako, akakuvua kofia akaondoka nayo, akafika hata kwenye msiba wako akaigiza marehemu alivyokuwa mlafi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Nikamjibu kwamba babu zake walikuwa wanawauzia babu zangu maji ya bahari wakidai ni dawa. Akafurahi kweli kweli. Kuanzia siku ile hakuwahi kunipa shikamoo ingawa umri wangu uliidai, na hakuwahi kunitaja jina. Nilikuwa mpagazi basi, asubuhi mpaka jioni, mbele ya kapteni na mbele ya wageni.

Sasa kisiwa. Jina sitalitaja, mnaokwenda mtakijua. Ni mlima mmoja mweusi uliotoka baharini, kileleni unafuka moshi mwembamba wakati wote. Hakuna mtu anayeishi pale. Kabla ya kushuka, kila mtu anaosha soli za viatu kwenye beseni la dawa na kupekuliwa mifuko isije ikapeleka mbegu za kigeni. Safari ya kwanza walinikuta na kifuko changu cha majivu. Tatu alikuwa amesimama pale.

"Ngoja, ngoja," akasema, "huyu katoka Tabora na majivu, anayapeleka kwenye kisiwa cha majivu? Jamani, hawa watu wakizoea kubeba hawawezi kuacha!"

Meli nzima ilikijua kifuko kabla ya chakula cha mchana. Wakakichukua, wakakitunza, nikarudishiwa tuliporudi.

Nilipopanda juu kwenye uwanda wa majivu ndipo nilipopigwa na butwaa la kwanza. Ndege! Wakubwa, weupe, uso mweusi kama wamejipaka masizi, mamia kwa mamia, wamelalia mayai chini kabisa, kwenye majivu yenye uvuguvugu. Nikafanya kama Mzee Shija alivyonifunza. Nikainama, nikatafuta upepo, nikanyata. Ndege wa kwanza akanyanyua shingo, akanitazama, kisha akadonoa kamba ya kiatu changu. Akaivuta. Mwingine akaja kuona mwenzake kapata nini.

Nilikaa chini. Miaka yote nimeishi na viumbe wanaokimbia wakiisikia tu pumzi yangu, nikidhani ndivyo mnyama alivyoumbwa. Kumbe mnyama hakuumbwa hivyo! Kumbe ni sisi. Wale wa kwetu wamefundishwa hofu, tena na babu zangu mwenyewe, na mimi kule kujua kuwanyatia nikaja kukuita ujuzi. Wageni walikuwa wanapiga picha, mimi nimekaa kwenye majivu, machozi yananitoka. Tatu akaniambia baadaye kwamba alidhani nimeumwa na kaa.

Tulikwenda kisiwa kile msimu baada ya msimu. Utaratibu ulikuwa mmoja. Mimi juu na wageni, Tatu chini kwenye boti, na kila mmoja ana redio ya mkononi. Kuna kanuni moja ya redio ambayo mtafundishwa siku ya kwanza, kwamba redio si ya maskhara. Sisi tuliivunja kila siku. Tulikuwa tunasema Kiswahili, kapteni haelewi, na utani wetu ulikuwa unapita mle mle kwenye mambo ya kazi. Nani angetukataza?

Msimu ule, siku mbili kabla ya siku yenyewe, Tatu akaniita redioni kwa sauti ya kutisha. "Mpagazi, mlima unakohoa! Teremka na wageni, upesi!" Nikawakimbiza wageni, wengine wameshika kofia, mama mmoja kaacha fimbo yake. Tukafika chini tunahema. Tatu amekaa kwenye boti anamenya chungwa.

"Nilitaka kuona Mnyamwezi anavyokimbia bila mzigo," akasema.

Nikawatafsiria wageni. Badala ya kukasirika, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakasema hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote. Mimi nikacheka pia, lakini moyoni nikaapa kwamba mwanamke huyu hatanipata tena.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi nyeupe, bahari imelala. Nilikuwa juu na wageni tisa. Boti la pili lilikuwa limeshawarudisha wenzao melini. Tulikuwa tumezunguka kiota kimoja, yai limetoboka, na kifaranga kinahangaika kutoka. Hakuna aliyekuwa anapumua. Babu mwenye goti bovu alikuwa amepiga magoti yote mawili, jambo ambalo daktari wake angelikataza.

Redio ikalia. "Mpagazi, bahari inarudi nyuma. Walete wageni."

Nikajibu kwa kunong'ona, "Imekwenda Bagamoyo kukuchukulia nazi. Iambie iniletee na mimi."

Redio ikakwaruza. Kisha, "Mpagazi, sitanii. Maji yanavuta, naona mawe ambayo sijawahi kuyaona."

"Hata juzi hukuwa unatania," nikasema. "Endelea na chungwa lako."

Na sikuwa namdharau, naomba mnielewe. Nilifanya kile nilichofundishwa. Niliinua kichwa nikawatazama ndege. Mamia yao walikuwa wametulia tuli kwenye mayai yao, wengine wanajichokoa manyoya, wengine wamelala. Nikajiambia, mnyama ametulia, na wewe tulia. Ni neno la Mzee Shija. Sikukumbuka, mpumbavu mimi, kwamba hawa ni ndege ambao walinidonoa kamba za viatu! Kiumbe ambaye hajui kumwogopa hata binadamu utamtegemea akwambie kuna hatari? Wangekaa pale pale mpaka maji yawafikie shingoni.

Redio ikakaa kimya kama dakika tatu. Kifaranga kikatoa kichwa. Wageni wakaguna kwa furaha. Kisha ikaja sauti ya Tatu, ndogo, ya taratibu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Bwana Maganga, shikamoo. Nakuomba, baba, uwateremshe wageni."

Misimu yote ile! Hajawahi kuniita jina. Hajawahi kuniamkia. Mtani akikutukana, dunia iko sawasawa. Mtani akikuheshimu, ujue kuna mtu anakufa. Sikujibu marahaba, sikujibu chochote. Nilipiga kelele, nikawashika wageni mikono, nikawasukuma njiani, na kifaranga nikakiacha na kichwa chake nje.

Tulipofika ukingoni nikaona. Bahari haikuwepo. Pale ambapo siku zote maji yanagusa mwamba wa kushukia, palikuwa na mawe meusi yanayochuruzika maji, samaki wanarukaruka, na boti la Tatu liko kwenye kijidimbwi kilichobaki, injini inanguruma. Baadaye tuliambiwa kwamba upande wa pili wa kisiwa kipande cha mlima kilikuwa kimeporomoka baharini. Sisi tulichokiona ni maji kwenda na maji kurudi. Yalikuwa yameanza kurudi.

Na Tatu alikuwa pale. Kanuni inasema maji yakivuta hivyo, dereva anaondoka, anakwenda kwenye kina kirefu, anasubiri huko. Alikuwa na nafasi ya kuondoka. Alikuwa nayo tangu aliponiita mara ya kwanza, na ya pili, wakati mimi naagiza nazi.

Wageni wanane wakaingia. Wa tisa ni yule babu. Akateleza kwenye mwani, akakaa chini, goti limekataa. Tatu akaruka kutoka kwenye boti, akamshika mkanda wa suruali, akamrusha ndani kama gunia la mihogo. Wakati huo maji yakafika. Yaliinua boti juu yetu, nikaona tumbo lake lote, kisha yakalishusha, na injini ikatua kwenye mguu wa Tatu, kwenye mwamba.

Sikusikia ukelele. Nilisikia mfupa.

Sijui nilimwingizaje ndani. Wageni wanasema nilimbeba. Nakumbuka amelala chini miguuni mwa watu, uso umekuwa wa majivu, anaelekeza kidole kwenye usukani. "Kamata! Kamata hapo!" Mimi, Mnyamwezi wa Ipole, sijawahi kuendesha hata baiskeli majini! Nikakamata. Akawa ananiamuru akiwa chali, haoni kitu ila mbingu na uso wangu, anapima bahari kwa jinsi boti linavyomrusha. "Kushoto, Bwana Maganga. Nyoosha. Sasa ongeza. Ongeza, Bwana Maganga!" Jina hilo lilikuwa linanichoma kuliko maji ya chumvi. Tulitoka. Wageni wote tisa walitoka, hawana hata mchubuko, ila babu alipoteza meno yake ya bandia.

Meli ilikwenda siku mbili mpaka kwenye hospitali. Mguu wakaukata chini ya goti.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penye aibu, na kile cha kisiwani kilikuwa kosa tu. Kapteni alitutaka kila mmoja aandike taarifa. Nilikaa na karatasi kutwa nzima. Mwisho nikaandika, "Mawasiliano kati ya boti na nchi kavu yalichelewa." Basi. Mnaona uzuri wa sentensi hiyo? Haina mtu ndani yake. Mawasiliano yalichelewa, kama treni. Hakuna aliyeitwa mara tatu, hakuna aliyejibu kwa maskhara. Wakubwa wa kampuni wakaisoma, wakaona hakuna kosa juu, basi kosa liko chini. Wakasema dereva alibaki kwenye mwamba kinyume cha kanuni na kuhatarisha wageni. Wakamwachisha kazi kwa uzembe. Akiwa kitandani!

Mimi taarifa yake niliiona mezani kwa kapteni. Ilikuwa na maneno mawili. "Nilimwita. Alikuja." Alikuwa ameniachia mimi nafasi ya kusema yaliyobaki. Nilisimama pale nimeishika, nikairudisha mezani, nikatoka. Sina cha kujitetea. Niliogopa kurudi Tabora nikiwa mtu aliyefukuzwa, nikakubali afukuzwe yeye.

Nilikwenda kumwona hospitali. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayahitaji kama mgonjwa anavyohitaji maji. Aniite mpagazi, aniite muuaji, anirushie bakuli la uji. Akainuka kidogo kwenye mto, akanitazama kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Maganga. Asante kwa kuja kuniona. Mama Neema hajambo?"

Mayo wee! Mlango wa utani ulikuwa umefungwa. Nikasema marahaba.

Na ikawa hivyo. Kila Idi nilimpigia simu, kila Krismasi alinipigia yeye, hakuwahi kukosa. "Shikamoo, Bwana Maganga. Sikukuu njema." Heshima tupu, imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Nilijaribu kumchokoza. Nikamwambia siku moja kwamba nasikia Bagamoyo sasa mnauza maji ya bahari kwenye chupa. Akasema, "Ahaa. Haya, baba, nisalimie nyumbani." Nikakaa na simu sikioni imeshakatika.

Nilifanya kazi misimu minne zaidi. Nyie wengine mlikuja wakati huo, nikawafundisha. Mnakumbuka siku ile kwenye sitaha mmoja wenu aliponiuliza, "Mzee, kosa lako kubwa kazini lilikuwa lipi?" Nikawasimulia kisa cha nyoka, kifutu, aliyeingia kwenye begi langu la kulalia kule Ipole, mkacheka sana. Kisa kile ni cha kweli. Lakini hakikuwa jibu, na mwuliza swali alikuwa amekaa kwenye boti la mpira, kwenye nafasi ya Tatu, ameshika usukani wa Tatu. Nilishindwa kula siku ile.

Msimu wa mwisho nikaandika barua. Niliandika aliniita mara ngapi, nini alisema, nini nilijibu, neno kwa neno, na nazi zile zikiwemo. Niliandika kwamba angeondoka watu tisa wangekufa na mimi wa kumi, na kwamba sentensi yangu ya mwanzo ilikuwa uongo uliovaa suti. Nikawapelekea kampuni. Nikaipiga picha nikamtumia Tatu kwenye simu. Zikatokea alama mbili, zikawa za buluu. Hakujibu.

Kampuni walijibu. Walisema wameisahihisha kumbukumbu ya dereva na wamemwandikia barua ya kumwomba radhi. Sherehe ya kuniaga iliyopangwa melini ikafutwa, hawakutoa sababu, na mimi sikuwauliza. Mlionichangia keki, asanteni, nasikia mliila.

Nikarudi Ipuli. Mama Neema akasema hatuwezi kustaafu kimya kama wezi, akaalika majirani na kwaya ya kanisani kwetu. Juma moja kabla, simu ikalia.

"Shikamoo, Bwana Maganga. Nimesikia unastaafu. Nitakuja Tabora."

"Marahaba," nikasema. Nilipokata nilikaa kwenye ngazi za nyuma. Mke wangu akaniuliza mbona sifurahi, mtani wako anakuja. Nikamwambia anayekuja si mtani, ni mgeni wa heshima.

Nilikwenda stesheni mapema kuliko ilivyohitajika. Nilivaa koti. Treni ikaingia, watu wakashuka na ndoo na magodoro, na nyuma ya wote akashuka Tatu, mguu mmoja wa kwake, mmoja wa bandia, fimbo mkono wa kulia. Amenenepa. Kijana mmoja alimshushia mfuko wa salfeti mkubwa, umefungwa kwa kamba. Nikasogea, nikatoa mkono, nikasubiri shikamoo yangu kama anayesubiri hukumu.

Hakunipa mkono. Alinipima kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akaupiga ule mfuko kwa fimbo, na sauti ile ya kuita watu ng'ambo ya pili ikajaa stesheni nzima.

"Mpagazi! Umevaa koti unakwenda wapi? Mzigo huo! Mguu wangu mmoja nimeuacha kisiwani unalinda ndege, unataka nibebe na nini, meno?"

Watu waligeuka. Mama mmoja akashika mdomo. Na mimi, mzee mzima, babu wa wajukuu watatu, nililia pale stesheni kwa sauti, kamasi na machozi, huku nainama kuushika mfuko. Ulikuwa mzito ajabu. Nyumbani tulipoufungua tulikuta nazi kumi na mbili, na chini ya nazi jiwe kubwa la kawaida tu, alilookota Bagamoyo na kulisafirisha kwa treni ili mzigo uwe na adabu.

Nikauweka kichwani. Nilipotaka kuita bajaji akakataa katakata. Yeye akapanda bodaboda kwa ajili ya mguu, akamwambia dereva aende pole pole kwa mwendo wangu, na hivyo ndivyo tulivyokwenda kutoka stesheni mpaka Ipuli, mimi natembea juani na koti langu, yeye pembeni yangu kwenye pikipiki ananitukana. Alinitukania koti, alinitukania mwendo, akasema babu zangu walifika pwani na mizigo mara mbili ya huo na hawakuwa na kitambi.

Karibu na kwangu shingo ilianza kutetemeka. Dereva wa bodaboda akashindwa kuvumilia.

"Mama, mzee wa watu atakufa. Ngoja niupakie mbele huo mzigo."

"Endesha pikipiki yako," Tatu akamwambia. "Huyu ni mtani wangu."